Usukani wa Mwalimu

Ndege ndogo ilipotua ikidundadunda tena kama mpira wa watoto, Mwalimu Ngoda alifungua mlango akashuka.

“Umenichoka, mwalimu?” Bi Rukia akauliza.

“Mgongo ndio umechoka. Leo zunguka peke yako, dada, kisha urudi.”

Bila uzito wa mwalimu, ndege ilipaa upesi kuliko Rukia alivyozoea. Aliporudi kutua akalikumbuka kosa lake la kila siku, kuvuta usukani kwa pupa. Akaitamani ile sauti ya kiti cha pili: “Taratibu, dada.”

Ardhi ilipokaribia, akamwona mwalimu kando ya uwanja, amesimama nyasini, akiuvuta taratibu kifuani usukani usiokuwepo.

Rukia akavuta naye.