Mtego wa Kapteni Pyo

Jumanne, tarehe 14 Novemba. Asubuhi hiyo mji wa Incheon, Korea, uliamka na ukungu mzito na baridi ya kuuma masikio.

Ndani ya mashine ya mazoezi ya urubani, ambayo hunguruma na kutikisika kama ndege halisi, mlima ulikuwa unakuja. Mwongoza ndege alikuwa amesema washuke hadi futi elfu nne. Kapteni Pyo Jae-guk alikuwa amezungusha kitufe cha kimo hadi elfu mbili.

Kulia kwake, Gu Bon-cheol, aliyekuja kuomba kazi, aliitazama namba ile.

"Leo mlima uko karibu kweli, Afande."

"Mm."

"Labda umekuja kutusalimia."

Gu akarudisha mikono mapajani. Punde kengele ya hatari ikalia, kioo kikajaa mawe, mashine ikazimika.

Kutoka kiti cha nyuma Bi Tak, mkuu wa mafunzo, akacheka huku akiandika. "Kapteni, mtego gani huo! Hata mimi hukuniambia."

Kapteni Pyo alifuta viganja kwenye suruali. Aliinamisha kichwa kidogo, basi.

Nafasi ilikuwa moja. Gu alikuwa na miaka arobaini na minne, na saa elfu nne na mia mbili za kuruka, nyingi kati ya hizo jeshini, chini ya Pyo mwenyewe. Shirika lake la mwisho lilifungwa, na huu ulikuwa mwaka wa pili anasambaza vifurushi mlango kwa mlango. Akikataliwa hapa, kwa umri ule hakuna mwingine ambaye angemwita.

Saa nne akaingia Na Se-ryeong, binti wa miaka ishirini na sita mwenye saa mia tatu na kumi tu. Mlima ulikuwa uleule. Kapteni akazungusha kitufe hadi elfu mbili.

"Kapteni, tumeambiwa elfu nne!"

"Mm."

"Umeweka mbili! Pandisha, ama napandisha mimi!" Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitufe.

Waliposhuka aliinama mara tatu, uso umemwiva, akiomba radhi kwa kupaza sauti.

"Saa mia tatu, na sauti ya muuza samaki," alisema Bwana Seong wa ofisi ya ajira, walipokaa kuamua. "Mimi nikiwa abiria, huyo ndiye ninayemtaka kule mbele."

"Gu ana uzoefu," alisema Kapteni.

"Kurusha tutamfundisha binti. Ulimi wa Gu ataufungua nani?"

"Mimi ndiye niliyeufunga, Bwana Seong." Miaka ishirini iliyopita, Gu alimsahihisha mbele ya wenzake, na Pyo akamkimbiza kuzunguka uwanja wa ndege mpaka akatapika. "Tumpime upya. Mara moja tu."

"Kapteni," alisema Bi Tak kwa upole, "mtego ulikuwa mmoja kwa wote wawili. Huruma ni nzuri, ila haki ni haki."

Kapteni akaomba dakika tano. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyekosa ibada ya alfajiri hata theluji ianguke. Alisimama ukumbini, mikono imeshikana, akasema, "Baba yetu." Akarudia, "Baba yetu." Hakuweza kwenda mbele zaidi ya hapo.

Aliporudi, waombaji wote wawili walikuwa wameitwa. Bi Tak akasoma jina la Na Se-ryeong. Binti akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Gu hakulalamika. Alimgeukia Kapteni akainama hadi kiunoni. "Asante kwa kuendelea kunifundisha, Afande. Kwenye mtego ule nilistahili kuanguka."

"Kapteni," alisema Bi Tak, "mtego huu tutauweka kwenye mafunzo ya kila mwaka. Hebu tuambie uliubuni vipi."

Kapteni Pyo alisimama.

"Gu, inuka, usiniinamie. Mtego ulikuwa wa huyu binti peke yake, nao niliutega ili kuficha la kwako. Wewe sikukutega. Niliisikia elfu nne, na mpaka kengele inalia macho yangu yalikuwa yanaona nimeweka nne. Ndege ya saa tisa ya kwenda Jeju ni zamu yangu. Mbele yenu wanne, na mbele za Mungu, naahidi: sitaigusa."