Koti la Nahodha

Nyambizi iliyotuzamisha iliibuka kando ya mashua yetu ya uokoaji asubuhi. Mjerumani akauliza, “Nahodha nani? Tunaondoka naye.”

Mafuta ya meli yalikuwa yametupaka sote weusi mmoja, Waingereza na sisi mabaharia Wakru wa Freetown. Na koti lenye mistari ya dhahabu alikuwa amelivaa Tugbe, mnyapara wetu. Nahodha mwenyewe ndiye aliyemvisha usiku alipotetemeka kwa baridi.

“Wewe chota maji tu, mzee, usiinue uso,” Tugbe alimnong’oneza nahodha, aliyekuwa akichota kwa kopo maji yaliyoingia mashuani.

Kwetu, wazungu wakiita, anayejibu ni mnyapara.

Alifunga vifungo kimoja kimoja, hata kile kilicholegea, akasimama. “Ni mimi.”

Kopo la nahodha likasita hewani. Kisha likarudi kuchota maji.