Kitwitwi Aliyechechemea Kuelekea Kwake

Alikuwapo Kitwitwi, ndege wa ufukoni mwenye miguu myembamba na moyo usiotulia. Alitaga mayai matatu mchangani, kando ya kinamasi, na tangu siku hiyo hakujua raha. Adui akikaribia, alifanya kama walivyofanya mama yake na bibi yake: aliburuta bawa kana kwamba limevunjika, akachechemea mbali na kiota. Adui akamfuata yeye, mayai yakasalimika.

Lakini Kunguru alikaa juu ya mkoko siku nyingi, akitazama tu, mpaka akaelewa. Siku moja Kitwitwi alipochechemea kushoto, Kunguru akaenda kulia, akala yai moja.

Kitwitwi aliwaza mpaka kichwa kikamuuma. Kesho yake Kunguru alipotua, Kitwitwi aliburuta bawa tena, na safari hii akachechemea kuelekea kiotani kwake.

"Mama Kitwitwi, mchezo huo ninaujua," alisema Kunguru. Akageuka, akaenda upande wa pili, akapekua matope mpaka akachoka.

Kitwitwi alifika kwenye mayai yake mawili, akashusha pumzi. Ndipo aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Nguchiro, mgeni wa pwani ile, asiyejua hila yake ya zamani wala hii mpya.

"Pole, mama," alisema kwa upole. "Nimekuona unachechemea tangu kule, nikaona nikusindikize mpaka nyumbani."

Hadithi inaishia hapo, kwa kuwa na mayai yaliishia hapo.