Panzi wa Baba

"Panzi yuko wapi?" mzee aliuliza, bintiye akimfunga vifungo vya shati. "Bila Panzi sivuki mimi."

Binti, fundi cherehani, akauma meno. Jina hilo lilikuwa limemfika kooni. Tangu kumbukumbu za baba yake zianze kupotea, ni yeye aliyemwogesha, akamlisha, akambadilishia shuka, na shukrani yake ikawa kuitwa "nesi". Lakini Panzi! Panzi hakusahauliwa hata siku moja.

Kisa chenyewe kilikuwa mchezo wa kompyuta ya zamani, ile nene ya kuchomeka kwenye televisheni. Kijitu chenye ndoo kichwani kinakimbia juu ya mapaa, mapaa yanasogea, mashimo yanakuja, nacho kinaruka. Enzi hizo baba alishika vitufe vya kukimbia, na Panzi kile kirefu cha chini, cha kuruka.

"Nikisema ruka, anaruka," mzee alisimulia, macho yakimng'aa. "Tukianguka analia, tukivuka anapiga makofi. Akisinzia tu, basi, nazima."

Fundi hakuukumbuka mchezo huo. Mama yao alipofariki baba aliifungia kompyuta sandukuni, na binti alipopata akili alilikuta sanduku juu ya kabati, haliguswi. Kwake yeye, Panzi aliyekula raha hizo alikuwa kaka yake, aliyemzidi miaka kumi. Ndiye huyohuyo aliye ng'ambo, anayepiga simu akikumbuka, anauliza, "Mzee hajambo?" kisha mtandao unakatika. Sifa zote kwake, shuka zote kwangu, fundi aliwaza, na wivu ukamchemka mpaka akajichoma sindano.

Kaka alipotuma habari kwamba anakuja, dada mtu alilishusha sanduku, akaipeleka kompyuta kwa fundi redio. Ilipona. Ila kitufe kile kirefu kilikuwa kimetafunwa pembeni.

"Panya hao," alisema fundi redio. "Hawana adabu."

Dada akailipia, akairudisha nyumbani, roho ikimuuma njia nzima. Alikuwa na hesabu yake moyoni. Labda baba akishampata Panzi wake na kutulia, ataulizia na binti yake, japo mara moja.

Kaka akafika na begi la magurudumu, ananukia manukato ya bei. Mzee alimtazama kama anavyomtazama msoma mita.

"Kaa hapo ucheze na baba," dada alimwambia kwa sauti kavu. "Hana wimbo mwingine ila wewe."

Kaka alitaka kusema neno, lakini mzee alikuwa ameshashika vitufe vyake. Vidole vilivyoshindwa vifungo vya shati havikukosea hata kidogo. Kijitu kikatimua mbio.

"Ruka!"

Kaka akabonyeza, amechelewa. Kijitu kikatumbukia na ndoo yake. Wakaanza upya.

"Ruka!"

Shimoni tena.

"Mtoeni huyu!" mzee akafoka. "Niitieni Panzi!"

Hapo dada uvumilivu ukamwishia, machozi yakamtoka mbele ya wote wawili.

"Baba, Panzi si ndiye huyu! Unamtaka nani mwingine? Mimi nipo hapa kila siku, mbona mimi huniulizii?"

Macho ya mzee yalikuwa kwenye kioo cha televisheni, mkono mmoja ukipapasa hewani pembeni yake. Kaka akainuka taratibu, akamsogezea dada yake kiti.

"Nani kakudanganya, mdogo wangu? Mimi nilikuwa nafukuzwa. Nilikuwa nasimama mlangoni pale, nakuonea kijicho umekaa mapajani mwake, hata kutembea hujajua, unakitafuna hicho kitufe kwa vijino vyako viwili. Kaa, Panzi. Anakusubiri uruke."