Matunda ya Ncha ya Kidole

Kombora lilivunja dirisha la Bi Paraska alfajiri, na kabla ya chai jirani yake Demyan alikuwa keshaliziba kwa ubao. Alipomaliza kuokota misumari, akamkuta mama huyo amechukua brashi yake ya manyoya ya paka, anachora maua mekundu juu ya ubao ule ule.

"Mama, kesho si adui watalipiga tena dirisha hili!"

"Walipige. Ila wasidhani tumekwisha."

King'ora kikalia. Demyan akamshika mkono waende handakini, Bi Paraska akauchomoa. Katika uchoraji wa jadi wa kijijini kwao, maua huchorwa kwa brashi, lakini matunda hutiwa kwa ncha ya kidole, na alikuwa hajatia hata moja. Akachovya kidole kwenye rangi, akaanza kugusa ubao, huku vioo vilivyobaki vikitetemeka.

"Ukiogopa, nenda," akasema bila kugeuka. "Mimi siachi kazi nusu."

Demyan akazitukana ndege za kivita za huko juu, matusi ya nguoni. Kisha akaweka nyundo chini. Mlipuko ulipotikisa ukuta, kidole gumba chake kinene, kikichuruzika rangi nyekundu, kilikuwa kimeshagusa ubao.