Ndoo ya Ubongo

Kwa wiki tatu ubongo wa marehemu ulining'inia kwa uzi ndani ya ndoo ya dawa, na kwa wiki hizo tatu mjane hakuruhusiwa kufungua mabegi yake.

Shemeji yake ndiye aliyeyafunga. "Kaka alianza kuangusha vikombe, akaja kurukaruka kama kikaragosi, akafa. Umemlisha sumu ya akili. Daktari akiiona tu, nyumba unahama. Binti anabaki. Yule ni damu yetu."

"Si aupasue leo leo, tuonane wabaya?" mjane alimjibu, siku ya kutia saini ruhusa ya upasuaji.

"Ukiwa mbichi ni laini kama siagi," daktari alisema. "Lazima ukae dawani, uwe mgumu."

Shemeji akatia saini. Kalamu ilimteleza mara mbili. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Yeye alisingizia kalamu.

Siku ikawadia. Chumba kilinuka dawa hadi machozi. Wanafunzi sita waliizunguka meza ya chuma. Binti wa marehemu, miaka kumi na mitatu, aliachwa nje kwenye benchi na chai ya muuguzi. Shemeji alijipanga mbele kabisa, vidole vikipiga kinanda pajani.

"Shemeji umependeza," alisema, akimchokoza mjane. "Nguo ya safari hiyo?"

Kisu kirefu kikapita. Daktari akapanga vipande kwenye sinia kama mkate.

"Andikeni. Hapa ndipo panapoongoza miondoko ya mwili. Pamesinyaa kulia na kushoto. Kipande hiki kitakwenda kwa watafiti, maana tiba bado." Akamgeukia mjane. "Mama, sumu haifanyi hivi. Hadubini itaniumbua nikikosea, ila sijakosea. Huu ni ugonjwa wa ukoo, mzazi humwachia mtoto. Baba wa marehemu alikufaje?"

Shemeji akajibu: "Alikuwa... akirukaruka."

Vidole vyake viliendelea na kinanda. Wanafunzi waliacha kutazama sinia, wakamtazama yeye.

Mjane akaangua kicheko, kicheko cha wiki tatu, akapiga makofi mbele ya uso wake. "Umesikia, shemeji? Mimi simo! Ni damu yenu! Damu yenu tupu!"

Nje, kwenye benchi, kikombe kikavunjika.

"Tena, mwanangu?" sauti ya muuguzi ikasikika, kwa upole.