Siku Isiyofagiliwa

Kwa niaba ya ukoo mzima wa Đàm, inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba majira ya kuchipua yameingia rasmi, mipichi imechanua, mababu wamekaribishwa, na Bwana Khoát ametapika ndani ya kiatu cha mkewe.

Kilikuwa kiatu kipya.

"Changu!" alilia mkewe, Lụa, akiwa ameinamia beseni lake. "Na chako kilikuwa hapohapo kando!"

Bwana Khoát alikuwa bado kazini.

Ilikuwa mchana wa siku ya kwanza ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya. Sebule ya Bi Thuần, mama yake Khoát, ilinuka kuliko lile pipa la vichwa vya samaki vilivyooza analomwagilia mipichi yake. Sakafuni palikuwa na wali wa kunata wa kijani, jeli ya miguu ya nguruwe, na kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekubali kuwa ni chake. Wala hapakuwa na wa kuvifagia. Siku hii ufagio haushikwi. Ukifagia, unaisukuma nje baraka ya mwaka mzima. Kwa hiyo baraka ilifunikwa magazeti, nayo ikawa inapenya.

"Atakayegusa ufagio nitamzika nao," alisema Bi Thuần, akipangusa kidevu.

"Mama! Leo hatutaji kuzika!"

"Basi nitampanda."

Msimulizi wa habari hii haegemei upande wowote, lakini haki itendeke: asubuhi ilianza vizuri. Bi Nhạn alivuka kizingiti wa kwanza, kama alivyofanya kila Tet tangu Khoát akiwa mtoto. Anayeingia wa kwanza ndiye anayeiletea nyumba mwaka wake, na mtaa mzima ulimwonea kijicho Bi Thuần kwa kuwa na shoga mwenye mguu wa heri kiasi hicho.

Mmoja hutunga mashairi, mwingine huchonga maua. Mwezi mzima Bi Thuần alikaa uani na kisu kidogo, akichonga matunguu ya nargisi ili yachanue asubuhi hiyohiyo, si kabla wala baada. Vijitunguu vilivyoota ubavuni alivikata na kuvitupa kapuni nyuma ya jiko. Utomvu ulimbabua vidole vikawa vyekundu kama kamba aliyechemshwa. Bi Nhạn naye aliandika beti zake, na siku kadhaa kabla ya sikukuu akaleta mtungi wa achari ya vitunguu, ukawekwa jikoni ukomae.

Ubani ulipokwisha kufukizwa, Bi Nhạn alisoma, mkono kifuani:

"Urafiki ni bustani, shoga yangu. Ukiipalilia, hata mawe huchipua."

"Mawe gani hayo?" aliuliza Khoát.

"Nyamaza, haya ni mashairi," alisema mama yake, machozi yakimlenga.

Wakashikana mikono, wakatafakari. Walitafakari udongo, uzee, sanaa na matone ya mvua. Walitafakari mpaka jeli ikaanza kuyeyuka na makamasi yakamfikia Bi Nhạn mdomoni. Kusema kweli, hilo lilichefua kuliko yote yaliyofuata.

Kisha ikaja achari.

Ilikuwa chungu. Lakini siku ya kwanza neno baya halitamkwi, maana litaifuata nyumba mpaka Tet nyingine. Bwana Khoát alitafuna. Jicho lake moja likajifumba lenyewe.

"Ina... msimamo," alisema.

"Inaamsha," alisema Lụa.

"Mwaka huu umetia fora, shoga," alisema Bi Thuần. "Hebu niongeze."

Bi Nhạn alikula ya kwake polepole, asielewe alipokosea, akatabasamu na kujiongeza pia. Bakulini kikabaki kitunguu kimoja. Kabla chai haijapoa, walikuwa wanagombea mabeseni.

Sasa Bi Nhạn alikuwa mlangoni, uso umemgeuka rangi ya jani la mgomba, uzi wa mate ukining'inia kidevuni, akitafuta ndara zake.

"Unakwenda wapi, Nhạn?"

"Kwangu. Nimeingia wa kwanza, na tazama nilichowaletea. Mwakani mtafute mwingine."

"Acha wazimu."

"Watu wa mtaa huu wana masikio. Nani atanikaribisha tena? Na wewe mwenyewe, Thuần, sema kweli. Mwakani utanifungulia mlango?"

Bi Thuần hakujibu. Siku hiyo neno baya halitamkwi.

Bi Nhạn akaanza kulia na kutapika kwa pamoja, jambo ambalo hakuna kiumbe anayepaswa kulitazama.

Bi Thuần akatambaa hadi mezani. Akakichukua kile kitunguu cha mwisho, akakipasua kwa kisu chake, akakifikicha. Akavitazama vidole vyake. Akaanza kujikuna.

"Kaa chini, Nhạn."

"Niache."

"Kaa chini, nimesema! Hiki si kitunguu chako. Utomvu huu naujua, umenitafuna mwezi mzima. Hii ni nargisi. Kuna mtu amevitoa vijitunguu vyangu kapuni akavitia kwenye mtungi wako."

Bi Nhạn aliachia ndara ikaanguka. Bwana Khoát akainua uso kutoka kiatuni.

"Si mimi, mama. Naapa!"

"Wewe ungejua, ungekula, mjinga wewe?"

Akamtazama Lụa na beseni lake. Akamtazama shoga yake, aliyelowa kuanzia kidevu hadi magoti. Kisha macho yake yakavuka magazeti yote, polepole, yakatua pembeni kwenye shati jeupe lisilo na doa hata moja. Shati langu.

"Diệp, mjukuu wangu," alisema, kwa upole wa kutisha. "Hebu mwonyeshe bibi beseni lako."

"Nilitaka tu kusikia kama mtavisifu," nikasema.